Dirisha la Bi Keshia: Mbuzi wa gavana asiyekuwepo

Toleo lililopita, nikimjibu bwana mmoja aliyelalamika kwamba vyama vya kuweka na kukopa vinakaguliwa mno siku hizi, nilidondosha sentensi moja: kwamba mkoloni Mwingereza alikaa huku miaka yote ile bila kutuwekea mtu wa kusimamia mabenki. Sikujua kama nimetia kidole kwenye mzinga. Barua zimekuja, nyingine za adabu, nyingine za kuniuliza nilisomea wapi. Nilisomea kaunta, jamani. Miaka thelathini na moja nyuma ya kioo, Tanga, kidole kwenye sponji ya maji. Leo dirisha lote nalifungulia jambo hili moja, tulimalize.

*

Shikamoo Bi Keshia. Mimi na shemeji yangu wa Mombasa tumewekeana mbuzi. Kwenye sanduku la marehemu babu tumekuta noti ya shilingi ishirini iliyoandikwa East African Currency Board, Nairobi, na chini yake sahihi za watu kadhaa. Shemeji anasema mwenye sahihi ya kwanza ndiye aliyekuwa gavana wa benki kuu ya mkoloni, kwamba aliteuliwa na Gavana wa Kenya, na kwamba kazi yake ilikuwa kuyasimamia mabenki yote kuanzia Kisumu mpaka Mtwara. Mimi nasema gavana wa kwanza ni Edwin Mtei, mwaka 1966, na kabla yake hapakuwa na mtu wala kivuli cha mtu. Tafadhali amua. Mbuzi ameshanunuliwa na anamaliza mahindi ya jirani.
Mjukuu wa Pangani

Marahaba, mjukuu wangu. Mfunge kamba fupi, maana jibu lina mwendo.

Tuanze na hiyo noti. Neno "Nairobi" ndilo lililompoteza shemeji, na hakupotea peke yake. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa Desemba 1919 huko London, na London ndiko ilikokaa hadi mwaka 1960. Nairobi ni mahali noti ilipotolewa tu. Ukizipata zile za mwanzo, za 1921, utakuta zimeandikwa Mombasa, na hapo shemeji angeapa kwamba vikao vilifanyika Kilindini. Wajumbe waliteuliwa na Waziri wa Makoloni. Gavana wa Kenya hakuteua mtu, wa Tanganyika hakuteua mtu, wa Uganda naye vilevile. Wakiwa na neno waliandika barua, barua ikapanda meli, nao wakangoja. Sahihi mnazoziona ni za wajumbe waliokaa kwenye meza ile ya London, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyewahi kununua fungu la mchicha kwa shilingi aliyoitia mkono wake.

Huku kwetu Bodi ilikuwa na maafisa, kwa kawaida watu wa Hazina ya serikali, walioshika funguo za chumba cha noti. Nahisi mtu wa namna hiyo ndiye babu yenu alimwona, na wajukuu mkamvika cheo. Mzungu, chumba cha chuma, masanduku ya fedha, askari mlangoni: nani angesema huyo si gavana?

Sasa kazi yenyewe. Nitakueleza kama nilivyoelezwa na mzee aliyenifundisha kuhesabu noti, ambaye yeye alianza ukarani wa benki mwaka 1949. Alikuwa akieleza huku vidole vinaendelea na bunda, bila kukosea hesabu. Mwisho wa mwezi mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe yanataka mishahara. Benki ya Tanga imeishiwa noti, inahitaji shilingi laki moja. Makao makuu ya benki hiyo, ambayo nayo yako London, yanailipa Bodi pauni elfu tano, kwa hesabu ya shilingi ishirini kwa pauni. Bodi inapeleka simu ya maandishi Dar es Salaam: wapeni hao laki moja. Afisa anafungua chumba, masanduku yanatoka, yanasafiri. Mkonge ukishalipwa, noti zinazunguka madukani, zinarudi benki zikinuka samli na mafuta ya taa. Msimu ukitulia, benki inamrudishia afisa noti zilizozidi, na kule London inarudishiwa pauni zake. Kila safari Bodi inakata kamisheni kidogo. Kazi ilikuwa hiyo, na iliishia hapo.

"Duka la kubadilisha fedha," mzee alikuwa akisema, "mlango mmoja London, mwingine kwetu, na mwenye duka hamjui mteja."

Kwa hiyo mwambie shemeji: Bodi haikuikopesha benki iliyokwama. Haikuuliza benki imemkopesha nani, wala imemnyima nani. Haikufungua leja ya mtu. Kwa miaka yote thelathini na mitano ya kwanza, pauni ilizopokea iliziweka kwenye dhamana za nje, huko huko London, na shilingi iliyotoka Tanga ikawa imeikopesha serikali ya Uingereza kabla haijaijengea Tanga kisima. Bodi ilikuwa mlinzi wa kitu kimoja: kwamba shilingi ishirini zitabaki kuwa pauni moja. Mwenye amana hakuwa kwenye orodha ya waliolindwa.

Hapa ningeweza kukata, lakini nina hamu ya kuzungumza juu ya rupia, maana ugomvi wa nani anapanga na anampangia nani ulianza siku Bodi ilipozaliwa. Kabla ya Bodi, Kenya na Uganda walitumia rupia ya Kihindi, na rupia 15 zilikuwa pauni moja. Yaani rupia moja ilikuwa shilingi moja ya Kiingereza na peni nne. Baada ya Vita vya Kwanza bei ya fedha, madini yenyewe, ikapanda, na rupia ikapanda nayo mpaka ikavuka shilingi mbili. Mwaka 1920 London ikaamua: rupia itasimama kwenye shilingi mbili. Wakaleta florini, sarafu ya shilingi mbili, haikukaa, na 1921 wakaleta shilingi hii tunayoiita yetu, wakati ule ikiwa na simba na milima nyuma yake.

Sikia walivyoumia wengine na kufurahi wengine. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 15,000 benki alikuwa anadaiwa pauni elfu moja. Alipoamka akawa anadaiwa pauni 1,500, na hajanunua hata jembe. Walowezi walipiga kelele mpaka London. Mabenki, ambayo vitabu vyao vilijaa madeni ya namna hiyo, yalinyamaza kama paka aliyekula dagaa. Kisha walowezi wakatafuta wa kumtwika. Kibarua aliyelipwa rupia sita kwa mwezi alikuwa anapata thamani ya shilingi nane za Kiingereza, na sasa zile rupia sita zimekuwa shilingi kumi na mbili. Mwaka 1921 walowezi wa Kenya wakakubaliana kukata mishahara kwa theluthi. Kumi na mbili toa nne, tumerudi kwenye nane. Ukiitazama kutoka London, hakuna aliyeonewa. Ila kodi ya nyumba, ile iliyotozwa na serikali, ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16, nayo haikukatwa theluthi. Ndipo Harry Thuku na vijana wenzake Nairobi wakasimama, na mshahara ulikuwa moja ya mambo waliyoyasemea. Thuku akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai wakapigwa risasi.

Bodi yenyewe nayo ilibaki na kidonda. Ilikuwa imeahidi kuzikomboa rupia kwa shilingi mbili, kisha bei ya madini ikaanguka, ikabaki imekumbatia magunia ya fedha yasiyofikia thamani hiyo. Pengo hilo kwenye akiba yake lilichukua miaka kama thelathini kuzibika. Niulize mimi: chombo kilichoanza maisha kikiwa na deni kingepata wapi ubavu wa kumkagua mwenzake?

Na mabenki? Wakubwa walikuwa watatu: National Bank of India, iliyofika Zanzibar 1892, Standard Bank of South Africa, iliyofungua Mombasa na Nairobi 1911, na Barclays. Walikaa pamoja wakapatana wenyewe viwango vya riba na ada, na mteja akipandisha ngazi za benki ya pili kutafuta bei nafuu alikuta bei ileile, labda kiti tu kilikuwa laini zaidi. Fedha zao zilizozidi zililala London. Wakurugenzi wao walikuwa London. Sheria niliyowahi kuona ikimbana mtu kwenye mikopo ya enzi hizo Tanganyika, ile ya 1931, ilimbana mteja: mtu asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali, hawezi kumdai mahakamani. Walisema ni kutulinda tusiingie madeni. Matokeo yake, baba yangu, karani wa stoo kwenye shamba la mkonge, aliyejua hesabu kuliko bwana shamba, alikaa na benki mtaa mmoja maisha yake yote na hakuwahi kuikopa senti.

Umeona nimemshika shemeji pabaya. Lakini na wewe usiruke. Umesema kabla ya Mtei hapakuwa hata kivuli cha mtu. Kivuli kilikuwepo. Mwaka 1955 Bodi iliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuweka sehemu ya fedha kwenye dhamana za serikali za huku huku, mpaka pauni milioni kumi, na 1957 kiwango kikawa milioni ishirini. Mwaka 1960 ikahamia Nairobi, ikapata wajumbe kutoka serikali za huku na mtaalamu kutoka Benki Kuu ya Uingereza, J. B. Loynes, ambaye alikuwa akizunguka makoloni mengi kwa shughuli za namna hii. Mwaka huohuo, baada ya mkutano wa Lancaster House uliomwonyesha kila mwenye macho kwamba Kenya itakuwa ya Waafrika, watu wengi wenye fedha walianza kuzisafirisha. Bodi ikaanza kutambaa kuelekea kazi ya benki kuu: dhamana za muda mfupi za serikali, fedha za kununulia mazao. Ilikuwa kama mtoto anayejifunza kutembea wakati wageni wameshavaa viatu waondoke.

Halafu kuna hili ambalo wote wawili hamkuliona. Mtei ni gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 14 Juni 1966. Shemeji yako ni mtu wa Mombasa. Gavana wake wa kwanza ni mwingine kabisa, na msomaji wa Nairobi ameniandikia juu yake hapo chini.

Hukumu: shemeji amekosa uteuzi, cheo, na kazi. Wewe umekosa kivuli. Mbuzi ni wako, paja moja ni lake.

Noti msiipeleke benki. Mwaka 1973 mzee mmoja alipanga foleni kwenye kaunta yangu tangu asubuhi, akafika dirishani akafungua mkebe wa maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na noti za Bodi, zenye sura ya malkia, mchwa wameshaanza pembeni. Zilikuwa zimekwisha muda wake miaka mingi. Nilizihesabu zote, shilingi mia tatu na arobaini, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuanza kumwambia. Akanionyesha zile sahihi kwa kucha ya kidole. "Hawa waliandika," akasema. Nikamwita meneja. Meneja naye akazihesabu.

*

Habari ya siku nyingi, mama. Mimi niko Nairobi. Nilisoma kwamba gavana wa kwanza wa Central Bank of Kenya alikuwa mtu wa Poland. Tulipata uhuru 1963, halafu 1966 tunampa mzungu funguo za benki? Si hiyo ni kuteuliwa na mkoloni kwa mlango wa nyuma?
Mwenye Hasira Kidogo

Habari ni njema, mwanangu, na hasira kidogo ni chumvi. Ni kweli, aliitwa Leon Baranski, Mpolandi, na alishika kiti tangu benki ilipofunguliwa Septemba 1966 hadi 1967, akapokewa na Duncan Ndegwa, aliyekaa pale mpaka 1982. Lakini mlango wa nyuma hapana. Serikali yenu ndiyo iliyomteua, kwa sheria iliyopitishwa na Bunge lenu Machi 1966. Baba wa mtoto anaweza kumkabidhi mkunga mgeni; mtoto habadiliki ukoo.

Cha kutazama ni kwamba nchi tatu zilichagua njia tatu. Tanzania ilimweka Mtei, kijana wa miaka 33 wakati huo, akitoka kuwa katibu mkuu wa Hazina. Uganda ilimweka Joseph Mubiru, mwenyeji naye, ambaye baadaye aliuawa enzi za Idi Amin; kiti kile hakikuwa cha kuchezea. Kenya ikatangulia na mgeni mwaka mmoja. Mimi, kwa mazoea yangu ya kaunta, sioni aibu ya kumwazima mtu anayejua kazi mradi tarehe ya kumrudisha imeandikwa. Wako wenzangu wastaafu wasiokubaliana nami, na tukikutana kwenye kahawa ya Ngamiani hatumalizi.

Ugomvi wa kweli wa miaka ile haukuwa wa nani akalie kiti. Ulikuwa wa viti vingapi. Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza nia ya shirikisho, na kama lingekuja, benki kuu ingekuwa moja. Tanganyika ilikuwa imemwita Mjerumani, Erwin Blumenthal wa Benki Kuu ya Ujerumani Magharibi, atazame mambo ya fedha, naye mwaka 1963 akapendekeza kitu cha ngazi mbili: benki kuu ya pamoja juu, na benki ya kila nchi chini yake. Kwenye karatasi lilipendeza. Lakini jiulize maswali ambayo hata mke wa pili angeuliza. Nani anamteua wa juu? Dar ikitaka kukopa na Kampala haitaki, nani anaamua? Shirikisho halikuja, na Juni 1965 mawaziri wa fedha wa nchi zote tatu wakatangaza kwamba kila mmoja anajenga chake.

Nikiwa kwenye Blumenthal, wasomaji wetu wa Lubumbashi na Bukavu wanamjua kwa jina jingine la huzuni. Ni huyuhuyu aliyepelekwa Kinshasa mwaka 1978 kuketi ndani ya Benki ya Zaire ya Mobutu, kwa shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa. Alipewa cheo kizito na ofisi. Hakudumu, mwaka uliofuata akaondoka, na 1982 ripoti yake ikasema wazi kwamba wanaoidai Zaire wasitarajie kulipwa. Mtu yuleyule, ujuzi uleule. Tanganyika alipewa kazi ya kushauri, akashauri. Zaire alipewa kazi ya kuzuia, na wa kuzuiwa ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

*

Bi Keshia, umesema mkoloni hakuweka msimamizi wa mabenki. Binti yangu anasoma uchumi chuo kikuu, anasema umekosea, Hong Kong aliwekwa, tena kukawa na mvutano ateuliwe nani na afanye nini. Utaomba radhi?
Baba Msomi, Dodoma

Kwa sentensi ile niliyoandika juu ya huku kwetu, hapana. Ila binti amenishika kwa ujumla wake, na mpe hongera zangu. Nigeria nayo ilipata sheria ya mabenki mwaka 1952, baada ya G. D. Paton wa Benki Kuu ya Uingereza kuandika ripoti 1948, kwa hiyo makoloni hayakuwa sawa.

Hong Kong ndiko penye hadithi. Sheria yao ya 1948 ilitaka benki iwe na leseni, ilipe ada yake ya mwaka, dola zao 5,000, na baada ya hapo ilikuwa karibu huria. Mtu angeweza kuchukua amana za wauza samaki akazizika kwenye majumba. Juni 1961 watu wakakimbilia benki moja ya Wachina, Liu Chong Hing, foleni zikazunguka mitaa, wote wanataka chao. Benki mbili kubwa za Kiingereza zikaingia kuikopesha ili isianguke. Hapo ndipo serikali ikaomba msaada London, akaja H. J. Tomkins mwaka 1962, akaandika kwamba panahitajika mtu mwenye mamlaka ya kuingia benki na kufungua vitabu.

Kuingia benki na kufungua vitabu! Mimi niliyekaa miaka yote ile nyuma ya kioo najua neno hilo linavyofanya meneja atokwe na jasho. Kule koloni lote lilijivunia serikali isiyoingilia biashara ya mtu. Wenye benki hawakutaka mgeni ajue nani anamdai nani. Sheria ikapita 1964 ikiwa na meno: mtaji usiopungua dola milioni tano za Hong Kong, akiba ya kutosha ya fedha za kulipa papo kwa papo, na Kamishna wa Mabenki. Wa kwanza alikuwa Leonidas Cole.

Hajakaa sawasawa kwenye kiti, Januari 1965 Benki ya Ming Tak ikashindwa kulipa. Februari ikafuata Canton Trust. Uvumi ukapita kama moto wa mabua, hata benki imara zikapangiwa foleni. Serikali ikaweka kikomo: mtu asitoe zaidi ya dola 100 za huko kwa siku. Noti za pauni zikaletwa kwa ndege toka London, zikatangazwa kuwa fedha halali, kwa sababu za Hong Kong hazikutosha. Mwezi wa Aprili Hang Seng, benki ya Wachina iliyoheshimika kuliko zote za aina yake, ikauza asilimia 51 ya hisa zake kwa Hongkong and Shanghai Bank kwa dola milioni 51 za huko ili kujiokoa. Watu wakamnyooshea Kamishna kidole: umewekwa kutulinda, mbona hivi? Lakini mtu amekabidhiwa nyumba paa likiwa limeshashika moto. Leja alizozikuta ziliandikwa kabla hajateuliwa.

Sasa rudi nami Tanga. Kwa nini wao wakapata Kamishna na sisi tukapata duka la kubadilisha fedha? Jibu langu, na binti anaweza kulikosoa: kule benki za wenyeji zilianguka, na Nigeria pia za wenyeji zilianguka. Kwetu benki zilikuwa matawi ya London. Zikikaukiwa, zililetewa toka kwa mama. Hazikuanguka, hapakuwa na foleni mtaani, na serikali ya kikoloni haikuwahi kukosa usingizi kwa sababu ya amana ya mtu. Anayenyimwa mkopo hapangi foleni, anarudi nyumbani kimya, na hakuna wizara iliyowahi kuunda tume kwa sababu ya kimya. Baba yangu angekuwa kwenye ripoti gani?

Nasi tulipotaka kuyashika mabenki hatukupita kwa mkaguzi. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, yakataifishwa. Mzee wangu wa mabunda ya noti alisema aliondoka kazini Jumatatu akiwa karani wa Waingereza, akarudi Jumanne akiwa karani wa serikali, kiti kilekile, na sponji ileile haijakauka.

*

Bi Keshia, nina senti kumi ya 1936 yenye tundu. Haina picha ya mfalme, ila imeandikwa EDWARDVS. Rafiki anasema ni utajiri. Niiuze?
Mvuvi wa Kigombe

Huyo ni Edward wa Nane, aliyerithi kiti Januari 1936 akakiacha Desemba mwaka huohuo kwa ajili ya mwanamke. Kwenye sarafu za kawaida picha yake ingehitaji kutayarishwa, na muda haukutosha. Zetu za tundu hazikuhitaji sura, jina tu, pamoja na zile pembe za ndovu upande wa pili, ndiyo maana jina lake liko mfukoni mwako na halipo kwenye sarafu za kwao zilizozunguka mitaani. Ila zilitengenezwa nyingi. Haitakununulia mbuzi, labda kilo ya sukari.

Ukiamua kuiuza, usiisugue kwa ndimu na majivu. Ule weusi ndio wanaolipia.